Msiing'oe Njia: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Reli za Zamani

Waheshimiwa mawaziri, wakurugenzi wa mashirika ya reli, wakuu wa utalii na walinzi wa mali za kale, popote mnaposhika dhamana hiyo,

Nawasalimu kwa heshima.

Nawaandikia kuhusu reli ambazo katika hesabu zenu hukaa safu ya hasara. Ni zile njia nyembamba za kona nyingi, zilizojengwa zamani kufuata mto au kupanda mlima, zinazopita mashambani na misituni na kusimama kwenye stesheni ambazo mtu wa mjini hajapata hata kusikia jina lake. Nyingi ziko kwenye majalada yenu sasa hivi, na pendekezo lililomo humo halitofautiani sana nchi hadi nchi: huduma isitishwe, vyuma viuzwe, ardhi igawiwe.

Ombi langu nalitanguliza, ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho asilikose. Kama mnalazimika kusimamisha treni, simamisheni. Lakini msiing'oe njia. Acheni reli, mataruma yanayoishikilia, tuta, madaraja na mahandaki pale pale vilipo, na ardhi yake ibaki mali ya umma. Halafu atakapotokea wa kupitisha treni tena, iwe ya abiria wa kila siku au ya watalii, mruhusuni aende polepole na asimame njiani.

Sababu ya kwanza iko dirishani. Reli ya zamani inaionyesha nchi vizuri kwa kuwa injini zake zilikuwa dhaifu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana. Mlima ukizidi ukali kidogo tu, magurudumu yanazunguka na treni haisogei. Wahandisi wengi wa karne ya 19 hawakuwa na mashine za kuutoboa mlima mzima, kwa hiyo iliwabidi waubembeleze. Walifuata kingo za mito, wakazunguka vilima kimoja kimoja, wakachora mizunguko inayoifanya treni ipite juu ya njia yake yenyewe. Kwingine treni inapanda mbele, inasimama, inarudi kinyumenyume kwenye ngazi ya juu, kisha inaendelea, kama inavyofanya reli ya Darjeeling nchini India, iliyofunguliwa 1881. Na vyote hivyo viliposhindikana, wakaweka reli ya tatu yenye meno katikati. Abiria wa leo anapoliona bonde lile lile mara tatu, kila mara kutoka juu zaidi, anausoma mlima kwa mpangilio ule ule ambao wapimaji ardhi waliusoma kwa miguu yao.

Chukueni njia ya Semmering huko Austria. Carl von Ghega aliijenga kati ya 1848 na 1854, kilomita 41 za kuvuka milima ya Alps, wakati ambapo hapakuwa na injini hata moja iliyothibitishwa kuweza kuipanda. Shindano la kutafuta injini ya kufaa lilifanyika 1851, ujenzi ukiwa umeshaanza. Ina mahandaki 14 na madaraja makubwa 16 ya matao, na mwaka 1998 ikawa reli ya kwanza kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Walichokiingiza ni reli pamoja na nchi inayoizunguka, na nadhani walikuwa sahihi kabisa kukataa kuvitenganisha. Na treni za kawaida bado zinapita juu yake kila siku.

Au chukueni reli ya West Highland ya Uskoti, iliyofunguliwa 1894. Ilipofika kwenye bwawa kubwa la tope la Rannoch, wajenzi walikosa ardhi ngumu ya kuegemea. Wakatandika matawi na mizizi ya miti, wakamwaga juu yake shehena kwa shehena za udongo na majivu, na reli ikaelea. Inaelea hadi leo. Katika nyika hiyo kuna stesheni iitwayo Corrour ambayo haifikiwi na barabara yoyote ya umma. Mtu akitaka kuiona nchi ile bila kutembea kwa saa nyingi, treni ndiyo mlango wake. Ondoa reli, na sehemu nzima ya dunia inajifunga.

Sina ugomvi na reli mpya za mwendo kasi. Zinafanya kazi kubwa, zinapunguza magari barabarani, na nchi zinazozijenga zinafanya vyema. Ila zimejengwa ili kuishinda nchi: zinapita ndani ya mahandaki marefu, juu ya nguzo, kati ya kuta za kuzuia kelele. Huo ndio ubora wake. Anayetaka kufika apande hizo. Msafiri anayetaka kujua alikopita amebakiwa na njia za zamani tu, na njia za zamani hazijengwi tena. Hakuna mhandisi atakayeruhusiwa leo kupinda mara mia kuzunguka vilima wakati anaweza kunyoosha.

Ndiyo maana neno langu kubwa ni hilo la kung'oa. Wales inatoa ushahidi ambao sijaona mwingine ulio wazi zaidi, kwa reli mbili nyembamba zilizokuwa na hatima tofauti.

Ya kwanza ni Talyllyn, iliyofunguliwa 1865 kubeba mawe ya kuezekea kutoka machimboni. Serikali ya Uingereza ilipotaifisha reli mwaka 1948, hii haikuguswa. Machimbo yaliyoilisha yalikuwa yamefungwa baada ya kuporomoka mwishoni mwa 1946. Mmiliki wake, Sir Henry Haydn Jones, alikuwa ameahidi kwamba treni itaendelea kutembea maadamu yu hai, na alitimiza, ingawa nyasi zilikuwa zimeshafunika mataruma na reli zilichakaa vibaya. Alifariki Julai 1950. Oktoba mwaka huo watu wakakutana Birmingham kujadili la kufanya, na Mei 1951 treni ikaondoka tena, ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa namna hiyo. Kati ya kifo cha mwenyewe na safari ile haukupita hata mwaka mmoja.

Iliwezekana kwa sababu kila kitu kilikuwa bado kimelala mahali pake. Kilikuwa kibovu, lakini kilikuwepo. Waliojitolea hawakuhitaji kumwomba mwenye shamba yeyote ruhusa ya kupita, wala kumshawishi hakimu kwamba palikuwa na reli hapo. Walihitaji mikono, misumari na mataruma mapya.

Ya pili ni Welsh Highland, kaskazini ya hapo. Abiria walikoma 1936, mizigo 1937, na mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto na chuma kikitafutwa, reli zikang'olewa. Watu wa kuipenda hawakukosekana. Walianza kuhangaikia kufufuliwa kwake kizazi kimoja baadaye. Walichokosa ni njia. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1997, na treni haikufika mwisho wa njia nzima, Porthmadog, hadi 2011. Ni kilomita 40 tu. Kati ya treni ya mwisho ya zamani na ile ya kwanza kupita njia yote tena ilipita zaidi ya miaka 70, na mingi kati ya hiyo ililiwa na mabishano ya nani ana haki na ule ukanda mwembamba wa ardhi.

Waheshimiwa, tofauti kati ya mwaka mmoja na miaka 70 iliamuliwa na saini ya kung'oa vyuma. Sidai kwamba waliosaini 1941 walikuwa watu wabaya, walikuwa vitani. Ninyi hamko vitani. Bei ya chuma chakavu mtakachouza italipwa mara moja na kusahaulika katika bajeti ya mwaka unaofuata.

Kuna mfano mwingine unaonikaa moyoni zaidi, maana unahusu safari moja iliyokatwa katikati. Zamani abiria aliweza kutoka London, akavuka milima ya Pennine kwa reli ya Settle–Carlisle, kisha akaendelea hadi Edinburgh kwa reli ya Waverley. Nusu ya kaskazini ilifungwa Januari 1969, katika ufyekaji ulioanza na ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, na reli zikang'olewa. Barabara zikakata njia, majengo yakaota juu ya tuta. Watu wa maeneo hayo ya mpakani walikaa miaka 46 bila treni. Ilihitaji sheria maalumu ya Bunge la Uskoti, ya mwaka 2006, na ujenzi mkubwa, ndipo mwaka 2015 treni zikarudi kati ya Edinburgh na Tweedbank, kilomita 48 hivi zikiwa zimejengwa upya. Kutoka hapo hadi Carlisle bado hakuna kitu.

Nusu ya kusini nayo ilihukumiwa. Miaka ya 1980 mwanzoni shirika la reli la taifa lilitangaza nia ya kuifunga Settle–Carlisle, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa daraja la Ribblehead, lenye matao 24, lililosemekana kuwa ghali mno kulikarabati. Meneja aliyekabidhiwa kazi ya kuifikisha njia hiyo mwisho wake, Ron Cotton, alifanya jambo ambalo natamani kila mmoja wenu alisome mara mbili. Alishusha nauli, akaongeza treni, na mwaka 1986 stesheni nane ndogo zilizofungwa tangu 1970 zikafunguliwa tena. Abiria wakaongezeka mara kadhaa. Pingamizi zilizoandikwa na wananchi zilizidi 22,000, mojawapo ikiwa na alama ya unyayo wa mbwa aliyekuwa akisafiri kwa tiketi yake. Mafundi walipolijaribu daraja, ikaonekana gharama si ile iliyohofiwa. Aprili 1989 serikali ikakataa kuifunga. Leo njia ile inabeba abiria wa kawaida, watalii, magarimoshi ya mvuke ya safari maalumu, na treni za mizigo ambazo miaka ile hakuna aliyezitabiri.

Sasa zitazameni takwimu mlizo nazo mezani. Zinasema njia fulani ina abiria wachache. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini ni abiria wa treni ipi? Ya mara mbili kwa juma, inayoondoka alfajiri, inayochelewa bila taarifa, isiyosimama kwenye nusu ya stesheni zake? Hizo ni takwimu za treni iliyoachwa ife. Haziwezi kutumika kuhukumu njia.

Na asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Reli ya Massawa hadi Asmara, nchini Eritrea, inatoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,300 ndani ya kilomita 118. Waitaliano walianza kuijenga 1887 na kufika Asmara 1911. Vita vya miaka mingi viliimaliza: reli na mataruma vilibebwa kwenda kujengea maboma na mahandaki ya kivita. Baada ya uhuru wa 1993 taifa hilo changa, lenye fedha kidogo sana, liliamua kuijenga upya kwa nguvu zake. Likawaita wafanyakazi wa reli waliostaafu, wazee wa mvi, wakakusanya vyuma vilivyotapakaa, wakavirudisha kimoja kimoja, wakafufua injini za miaka ya 1930. Mwaka 2003 njia ikafika Asmara tena. Tuta lilikuwepo, mahandaki ya mlimani na madaraja ya mawe yalikuwepo, ardhi haikuwa ya mtu binafsi, na wazee waliojua kazi walikuwa bado hai. Kama kimojawapo kati ya hivyo kingekosekana, sidhani kama ingewezekana.

Nije kwenye kusimama njiani, ambako naona hata wale wanaozipenda reli hizi wanakosea.

Mtindo unaoenea sasa ni wa treni ya kifahari ya kitalii: madirisha makubwa yasiyofunguka, viti vya ngozi, chakula mezani, kutoka mji mmoja hadi mwingine bila kugusa kitu katikati. Sizipingi. Zinaleta fedha, na fedha hizo zinaweza kutunza madaraja. Lakini zikiwa ndizo treni pekee kwenye njia, kijiji kinachopitwa kinapata honi na vumbi tu, na msafiri aliyekuja kuiona nchi anaitazama kama picha ukutani. Harufu ya msitu haimfikii. Hawezi kushuka kwenye stesheni ndogo akatembea hadi mtoni na kudaka treni ya jioni. Mwenyeji naye, ambaye babu yake pengine alibeba kokoto za njia ile, hana nauli ya kuipanda.

Waswisi wamelitatua hili kwa namna inayonivutia sana. Njia ya Bernina, iliyokamilika 1910, inapanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno, kwa mwinuko unaofika asilimia 7. Pamoja na ile ya Albula imo katika urithi wa dunia tangu 2008. Treni ya kitalii yenye madirisha ya kupinda hadi darini inapita hapo, na watu wanatoka mbali kuipanda. Lakini kwenye reli zile zile, kwa ratiba ya kila siku, zinapita treni za kawaida zinazosimama kwenye stesheni ndogo, kwa nauli ya kawaida, zikiwachukua wanafunzi, wafanyakazi na wapanda mlima pamoja. Majira ya kiangazi huongezwa mabehewa ya wazi yasiyo na paa. Mtalii na mwenyeji wanatumia njia moja, na kila mmoja anamsaidia mwenzake kuilipia.

Huko Norway, reli ya Flåm inashuka kutoka mlimani hadi usawa wa bahari kwa kilomita 20 tu. Ina mahandaki 20, na 18 kati yake yalichimbwa kwa mikono. Njiani, kwenye maporomoko ya maji ya Kjosfossen, treni inasimama, milango inafunguliwa, na abiria wanashuka kusikiliza maji kwa dakika chache. Naliona hilo kuwa uamuzi wa busara kubwa kwa upande wa waliopanga ratiba. Kila njia ya zamani ina mahali pake pa kusimama: daraja, ziwa, mti mkubwa, soko la kijiji. Mwenye kupanga ratiba awaulize madereva wa zamani. Wanajua ni wapi abiria huwa wanainuka vitini na kuhamia upande mmoja wa behewa.

Tena si lazima reli iwe ya kale sana, wala iwe ilijengwa kwa ajili ya matembezi. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa tawala za kibaguzi za kusini. Ilikuwa kazi ya siasa na uchumi, na ilijengwa kwa jasho la maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Ila imepita ndani ya hifadhi iliyoitwa Selous, ambako abiria aliyekuwa akienda zake kwenye shughuli ameona twiga na tembo kutoka kwenye kiti chake. Na kati ya Mlimba na Makambako inapanda kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote. Urithi wa namna hii unaendelea kufanya kazi huku ukizeeka. Ungojeeni uzeeke kwa heshima. Msisubiri ufe ndipo mwite wataalamu wa makumbusho.

Nikitaja makumbusho, niseme pia kwamba injini iliyowekwa chini ya paa imeokolewa nusu. Heri nusu kuliko tanuri la kuyeyushia vyuma. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, zimo injini za aina ya Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda zilizopata kujengwa kwa reli ya upana wa mita moja. Nashukuru zipo. Lakini Garratt zilibuniwa kwa ajili ya kona kali na milima, zikiwa na boila katikati na seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja upande wake. Uzuri wa ubunifu huo unaonekana injini ikiwa kwenye kona, inapanda. Garratt ndogo zilizotoka Afrika Kusini ndizo zinazovuta treni za Welsh Highland niliyoitaja, na huko mtoto anaelewa kwa macho kile ambacho kibao cha maelezo hakiwezi kumweleza.

Na kuna kitu ambacho hakiwekeki chini ya paa lolote, nacho ni ujuzi wa watu. Garimoshi la mvuke haliwashwi na kuondoka. Moto huanza saa nyingi kabla, mdogo, ili chuma cha boila kitanuke polepole bila kupasuka. Mchochezi wa moto hulisha makaa kabla mlima haujafika, kwa sababu mvuke unaohitajika mlimani hutengenezwa bondeni. Akichelewa, treni itasimama njiani ikikata pumzi. Fundi wa karakana hugonga kwa nyundo vyuma vinavyoshikilia kuta za tanuri, na kwa mlio anajua kipi kimevunjika. Mambo haya yamo mikononi na masikioni mwa watu, na watu hao wengi wao wamezeeka. Waingereza, waliogundua reli ya mvuke, walipotaka kujenga injini mpya ya njia kuu, Tornado, iliyokamilika 2008, boila yake ilibidi itengenezwe Meiningen, Ujerumani, ambako karakana ilikuwa haijaacha kazi hiyo. Kama wao ilibidi waazime mikono, jiulizeni mtaazima wapi ninyi.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza mshauri kutoka mbali, tafuteni orodha ya wastaafu wenu. Walipeni wafundishe. Wapeni vijana wachache wa kuwafuata karakanani kwa miaka miwili mitatu, na mtu wa kuandika na kurekodi wanayosema. Hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote nitakazozitaja, na ndiyo pekee ambayo ikichelewa hakuna bajeti itakayoirudisha.

Najua pingamizi zenu, na baadhi ni nzito. Moshi na cheche ni hatari ya kweli. Mwaka 2018, katika jimbo la Colorado, Marekani, moto uliteketeza zaidi ya hekta 20,000 za msitu, na wachunguzi wa serikali wakasema ulitokana na makaa yaliyoruka kutoka kwenye garimoshi la njia ya Durango hadi Silverton. Kesi ilimalizwa kwa maridhiano mwaka 2022, na njia hiyo imekuwa ikizigeuza injini zake zitumie mafuta badala ya makaa ya mawe. Basi katika nchi kavu msiwashe makaa. Mvuke si sharti. Behewa la zamani la dizeli lenye dirisha linalofunguka linatosha kabisa kumwonyesha mtu nchi. Na mambo ya usalama yasilegezwe kwa kisingizio cha ukale: boila likaguliwe, breki zijaribiwe, milango ifungwe inavyopasa. Njia ya urithi inayoua mtu mmoja kwa uzembe huwa imejiua yenyewe.

Kuhusu fedha, sitawadanganya kwamba kila kilomita itajilipa. Nyingine hazitajilipa kwa tiketi. Lakini kuna namna za kugawana mzigo. Reli ya Cumbres na Toltec, iliyojengwa 1880 na kuvuka mlima kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, ilikuwa itelekezwe. Mwaka 1970 majimbo ya Colorado na New Mexico yakainunua kwa pamoja, kilomita 103 zinazovuka mpaka wao mara 11. Njia ni ya umma, chini ya tume ya majimbo yote mawili. Kazi nyingi za kukarabati mabehewa na majengo hufanywa na watu wa kujitolea wanaokuja kila kiangazi. Serikali ilishika kile ambacho raia hawawezi kukishika, yaani ardhi, madaraja na sheria. Raia wakaleta kile ambacho serikali hainunui.

Ninachowaomba basi ni maamuzi mnayoweza kuyafanya bila kungoja fedha. Wekeni katika sheria kwamba hakuna reli itakayong'olewa, wala kipande cha ardhi yake kitakachouzwa au kujengwa, bila kusikiliza umma kwanza na bila kupita miaka kadhaa tangu treni ya mwisho. Zuieni vibali vya ujenzi juu ya tuta. Madaraja yasiyotumika yazibuliwe mifereji yake, maana maji huharibu daraja lililoachwa upesi kuliko treni zinavyoliharibu linalotumika. Stesheni ndogo msizivunje. Kukodishwa kwa kijiji kwa masharti ya kuzitunza kunatosha. Na kila mtakayempa kibali cha kuendesha treni ya kitalii, mwandikieni katika mkataba kwamba atabeba pia abiria wa kawaida kwa siku zitakazokubaliwa, kwa nauli ya kawaida, na kwamba atasimama.

Naomba jibu, na naomba liwe la wazi kama barua hii. Tangazeni orodha ya njia zote zilizosimamishwa katika eneo lenu, hali ya kila moja ikoje leo, nani anamiliki ardhi yake, na tarehe ambayo wananchi watasikilizwa. Hadi orodha hiyo itakapotoka, winchi za kung'olea zibaki karakanani.

Wenu kwa heshima na kwa matumaini,

Abiria